Kura Thelathini: Kilichomuua Socrates Hakikuandikwa Kwenye Hati ya Mashtaka

Watu 30 tu wangehamia upande wa pili, Socrates angerudi nyumbani jioni ile, peku kama ilivyokuwa desturi yake, akawakuta mkewe Xanthippe na wanawe watatu, na mambo yangeishia hapo. Hesabu hiyo aliitoa mwenyewe mbele ya mahakama mara tu kura zilipohesabiwa, akisema hakutegemea pengo liwe dogo kiasi hicho. Waamuzi walikuwa kama 500. Takribani 280 walimtia hatiani, na kama 220 wakaona hana kosa. Ilikuwa mwaka 399 KK, mjini Athens, na mshtakiwa alikuwa mwanafalsafa mzee wa miaka 70.

Wengi wetu tulikipata kisa hiki kwa mkato: palikuwa na mzee mwenye busara, akawauliza wakubwa maswali magumu, wakubwa wakakasirika, wakamnywesha sumu. Si uongo, ila kinaacha shimo moja kubwa katikati. Socrates hakuanza kuuliza maswali mwaka 399. Mwaka 423 KK tayari alikuwa maarufu kiasi cha kuchekwa jukwaani: Aristophanes alimtia katika tamthilia yake ya Mawingu, akamning'iniza ndani ya kikapu huko juu akichunguza jua, huku wanafunzi wake wakijifunza jinsi ya kuifanya hoja mbovu iishinde hoja njema. Watu walicheka, wakaenda zao. Miaka 24 ikapita bila mtu kumpeleka popote. Mimi kinachonisumbua ni tarehe. Kwa nini wamwache alipokuwa na nguvu zake, halafu waje wamburute mahakamani akiwa kikongwe ambaye wangevuta subira kidogo tu angekufa mwenyewe?

Tuanze na hati. Athens haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote aliyeona sheria imevunjwa aliweza kumfungulia mwenzake kesi, na ili watu wasishtakiane ovyo, mshtaki aliyekosa hata moja ya tano ya kura alitozwa drakma 1,000. Aliyeweka jina lake kwenye hati hii ni Meletus, kijana asiye na jina kubwa, ambaye Plato, mwanafunzi wa Socrates, anamchora kwa dharau kidogo: nywele ndefu, ndevu za kuhesabika. Pembeni yake walisimama Lycon na Anytus. Maneno yalikuwa machache. Socrates ana hatia ya kutoitambua miungu inayotambuliwa na mji, na ya kuingiza mambo mengine mapya ya kimungu. Tena ana hatia ya kuwaharibu vijana. Adhabu inayoombwa: kifo.

Neno nililoliandika hapa kama "kutambua" ni nomizein kwa Kigiriki, na lina asili moja na nomos, yaani mila au sheria. Ndani yake kuamini moyoni na kufuata desturi kwa vitendo havijatengana vizuri. Kwetu mtu anaweza kusema, "Hilo ni la mila tu, si la dini." Mwathene wa wakati ule angekutazama kwa mshangao. Kuchinja mnyama madhabahuni, kutembea katika maandamano ya sikukuu, kuapa kwa jina la Zeus kabla ya kutoa ushahidi, yote hayo ndiyo yaliyokuwa dini, na ndiyo yaliyoufanya mji uwe mji. Xenophon, aliyemfahamu Socrates vizuri, anasisitiza kwamba mzee alionekana mara nyingi akitoa sadaka, nyumbani na hadharani. Basi shtaka la kwanza lilikuwa dhaifu.

La pili, lile la mambo mapya, lilikuwa na mahali pa kushika. Tangu utotoni Socrates alisema anasikia aina ya sauti ya kimungu ambayo haikumwamuru afanye jambo, bali ilimzuia kila alipotaka kukosea. Aliitaja waziwazi, sokoni, bila kuona haya. Hebu iangalie kwa macho ya jirani yake: wenzake wote wanapanga foleni madhabahuni, na huyu ana laini yake binafsi. Athens haikuchukia miungu migeni yote, lakini ilitaka mji wenyewe ndio uamue nani apewe madhabahu. (Msomaji wa Biblia atakumbuka Matendo ya Mitume, sura ya 17: karne kadhaa baadaye, katika mji huohuo, Paulo naye alitiliwa shaka kwamba anahubiri miungu migeni.)

Bado tarehe haijajibiwa, maana sauti ile alikuwa nayo tangu mtoto.

Inabidi turudi nyuma miaka mitano. Mwaka 404 KK, baada ya vita vya miaka 27 dhidi ya Sparta, Athens ilisalimu amri kwa njaa. Kuta zake ndefu zilibomolewa huku wapiga filimbi wakitumbuiza, na washindi wakaunga mkono serikali ya watu 30. Historia inawaita Madhalimu Thelathini, na jina limewakaa. Kwa muda wa miezi kama minane waliua watu wanaokadiriwa kufika 1,500, wengine kwa siasa, wengine kwa sababu tu walikuwa na mali. Raia waliobaki na haki yoyote walipunguzwa hadi 3,000. Mkali wao alikuwa Critias, mtu wa ukoo bora, mtunzi wa mashairi, msomi. Mwenzake Theramenes alipoanza kusema kwamba damu sasa imezidi, Critias alilifuta jina lake kwenye orodha ya wenye haki, akampeleka akanyweshwe sumu ya mmea wa hemloki. Inasimuliwa kwamba Theramenes alikunywa, matone yaliyobaki kikombeni akayarusha kama wafanyavyo watu kwenye karamu, akasema: haya ni ya Critias mpendwa. Kikombe alichokuja kupewa Socrates kilikuwa na mmea uleule.

Sasa, Critias huyo alikuwa nani kabla ya kuwa dhalimu? Kijana aliyekuwa akifuatana na Socrates. Charmides, aliyewekwa kusimamia bandari ya Piraeus chini ya serikali hiyo, naye alikuwa wa kundi hilohilo. Na kabla yao alikuwepo Alcibiades, kipenzi cha mji, ambaye Socrates alimwokoa vitani kule Potidaea, akaja kuwashawishi Waathene waende kuivamia Sicily, kisha katikati ya safari akakimbilia Sparta na kuwapa maadui mbinu za kuimaliza Athens. Uvamizi ule uliangamia mwaka 413 KK pamoja na jeshi zima. Ukiwa mzazi wa Athens uliyezika mwana mmoja Sicily na kumpoteza mwingine mikononi mwa wale Thelathini, halafu ukauliza vijana hawa walilelewa wapi, majirani wangekuonyesha mzee mmoja asiyevaa viatu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Waathene nao waliamini hivyo.

Palikuwa hata na mtindo. Mwaka 414 KK Aristophanes huyohuyo alitunga kitenzi kutokana na jina la mzee. Tukikiundia Kiswahili chake tungesema "kusokrati": kuwa na wazimu wa Sparta, kufuga nywele, kushinda na njaa, kutooga na kutembea na fimbo. Ni mzaha, lakini unaonyesha kwamba kwa mtu wa kawaida kumfuata Socrates na kuipenda Sparta vilikuwa kapu moja. Naye Socrates hakujisaidia. Viongozi wengi wa Athens walipatikana kwa bahati nasibu, na hilo lilikuwa fahari ya demokrasia yao. Yeye alizoea kusema kwamba hakuna mtu atakayempata nahodha au fundi ujenzi kwa kura ya bahati, kwa hiyo kwa nini mji upate viongozi wake hivyo? Kabla ya vita, swali hilo ni la kuchangamsha baraza. Baada ya Critias, lilinuka damu.

Mwaka 403 KK wanademokrasia waliokimbia walirudi na silaha chini ya Thrasybulus, Critias akauawa vitani karibu na bandari, na demokrasia ikarejeshwa. Kisha wakafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kesi nzima. Waliapa kutokumbushana mabaya. Wale Thelathini wenyewe na watendaji wao wachache waliachwa nje ya msamaha huo, lakini raia wengine wote walifungwa na kiapo: marufuku kufukua makaburi. Mtu hakuruhusiwa kwenda mahakamani kusema, "Huyu alikuwa upande wa Critias." Ilikuwa sera ya busara sana, tena iliyofanikiwa kuliko nyingi za aina yake, mji uliokuwa umechinjana haukurudi kuchinjana.

Tatizo la kiapo cha namna hiyo ni kwamba kinafunga mdomo, moyo hakiufungi. Watu waliokuwa wamekimbia walirudi wakakuta waliobaki. "Watu wa mjini" na "watu wa Piraeus", ndivyo walivyoitana. Na Socrates alikuwa mtu wa mjini. Alibaki Athens miezi yote ile.

Hapa lazima nimtendee haki. Wale Thelathini walimwita pamoja na wengine wanne, wakawaagiza wavuke kwenda Salamis kumkamata Leon, mtu asiye na kosa, ili auawe. Wanne walikwenda wakamleta. Socrates alitoka nje ya ofisi akaenda zake nyumbani, na huenda angeuawa kwa hilo kama serikali isingeanguka mapema. Hata Critias alitunga sheria ya kukataza kufundisha sanaa ya maneno, akimlenga yeye. Kwa hiyo hakuwa kibaraka wao. Lakini muulize mtu wa Piraeus: Leon aliuawa, sivyo? Na mzee alikwenda nyumbani. Hakutoroka mji, hakuungana na waliokuwa wakipigana. Kwa mtu aliyefiwa, "nilikwenda nyumbani" si utetezi wa kumridhisha.

Turudi sasa kwa Anytus, maana yeye ndiye aliyeipa kesi uzito. Utajiri wake ulitokana na kiwanda cha ngozi. Alikuwa miongoni mwa waliorudisha demokrasia, na alipoteza mali nyingi chini ya wale Thelathini, lakini alikataa kuwashtaki waliomnyang'anya, kwa sababu kiapo ni kiapo. Hakuwa mhuni hata kidogo. Ukimtafuta mfano wa raia aliyemeza uchungu kwa ajili ya amani, ndiye. Palikuwa pia na jambo la kifamilia: Xenophon anaeleza kwamba Socrates alimwambia asimfungie mwanawe kwenye kazi ya ngozi, kijana ana akili kuliko hiyo. Nani anapenda kufundishwa malezi na rafiki wa Critias?

Je, Anytus aliongozwa na uchungu wa dini? Nina shaka. Kipindi hichohicho mwanasiasa Andocides naye alishtakiwa kwa kuchafua ibada za siri, kashfa iliyoanzia mwaka 415 KK, na Anytus alisimama mahakamani kumtetea Andocides, akaachiwa. Mtu anayelinda heshima ya miungu kwa hali na mali hachagui hivyo. Lakini ukivuka kutoka kwa washtaki hadi kwa waamuzi, naacha kuwa na uhakika. Wale 500 walikuwa raia wa zaidi ya miaka 30, waliolipwa oboli tatu, nusu ya drakma, kwa kushinda pale siku nzima. Wengi wao walikuwa wamepitia tauni, Sicily, njaa na udhalimu. Kwa watu wa namna hiyo kujiuliza kama miungu imewakasirikia halikuwa jambo la kipuuzi. Wanaosema dini ilikuwa kisingizio tupu wanawafikiria Waathene kama watu wa leo waliovaa mashuka. Naona shtaka la dini na kinyongo cha siasa vilisaidiana: mji ulioadhibiwa, na mtu aliyelea walioleta adhabu.

Angalia basi jinsi hati ilivyosukwa. "Kuwaharibu vijana." Vijana gani? Hakuna aliyetajwa, kwa sababu kiapo kilizuia kumtaja aliyestahili kutajwa. Kila mwamuzi alijaza jina mwenyewe kichwani. Socrates aliwaalika mahakamani akina baba na kaka wa wanafunzi wake waliokuwepo, wajitokeze kama wameharibiwa. Hakutokea hata mmoja. Lakini Critias alikuwa kaburini, na Charmides pia.

Hata hivyo, yote haya yanaeleza hatia tu. Kifo kina maelezo yake, na yako kwenye utaratibu wa mahakama.

Kwa kosa hili sheria haikuweka adhabu. Baada ya kura ya kwanza, mshtaki alipendekeza moja, mshtakiwa akapendekeza nyingine, na waamuzi wakapiga kura ya pili kuchagua kati ya hizo mbili. Ya tatu haikuwepo, wala kukutana katikati. Utaratibu huo ulimlazimisha kila upande kuwa na kiasi: mshtaki akizidisha anaweza kukosa, mshtakiwa akijipunguzia mno anaweza kujimaliza. Kila mtu pale alijua Socrates angesema nini. Angesema uhamisho. Washtaki nao, nadhani, walitegemea hivyo. Kwa maelezo ya Plato, Anytus mwenyewe aliwaambia waamuzi kwamba ama mtu huyu asingeletwa kabisa, ama kwa kuwa ameletwa hakuna budi auawe. Ni sauti ya mtu aliyetarajia mzee awe ameshaondoka zamani.

Socrates akasimama. Akaanza na utani kwanza: kura 280 ukizigawa kwa washtaki watatu, Meletus kwa fungu lake hafiki hata moja ya tano, angelipa faini ya drakma 1,000. Halafu akauliza anastahili nini mtu maskini aliyetumia maisha yake kuwaamsha wenzake. Alishajifananisha na pange, yule nzi mkubwa, anayemsumbua farasi mnene ili asilale. Jibu lake: anastahili kulishwa bure kwenye jumba la mji, heshima wanayopewa washindi wa mbio za farasi kule Olympia.

Jaribu kukaa kwenye benchi hilo. Umempigia kura ya kumwachia, na bado anakutaka umpikie.

Uhamisho aliukataa kwa hoja inayoeleweka: kama watu wake wamemchoka, wageni watamvumilia vipi, na katika umri wa miaka 70 azunguke mji hadi mji? Kunyamaza pia akakataa, kwa kuwa kwake hilo lilikuwa kumwasi mungu. Mwisho akasema fedha anayoweza kulipa ni mina moja, yaani drakma 100. Plato, Crito na rafiki wengine wawili wakamsukuma aseme mina 30, wao wadhamini. Mina 30 ni drakma 3,000. Fundi mzuri aliyelipwa drakma moja kwa siku angezifanyia kazi siku 3,000. Haikuwa faini ya mzaha hata kidogo. Lakini imetajwa mwisho, baada ya jumba la mji, na masikio yalikuwa yameshaziba. Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema kura za kifo ziliongezeka kwa 80. Kama yuko sahihi, watu 80 waliokuwa wameamua mzee hana kosa waliamua, saa hiyohiyo, kwamba auawe.

Xenophon anasimulia tofauti. Kwake, Socrates hakupendekeza adhabu yoyote, na aliona afadhali kufa sasa kuliko kungoja kupofuka na kuziwi. Xenophon hakuwepo, alikuwa Asia na jeshi la kukodiwa. Plato alikuwepo, lakini Plato alimpenda mno. Katika masimulizi yote mawili kuna jambo moja linalobaki: mlango ulikuwa wazi na mshtakiwa hakuutumia.

Kwa kawaida hukumu ingetekelezwa haraka. Lakini siku moja kabla ya kesi, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu takatifu inayokwenda kisiwa cha Delos ilikuwa imevishwa shada la maua, na tangu hapo hadi irudi, mji haukuruhusiwa kuua mtu. Upepo ulichelewa. Xenophon anasema zilipita siku 30 (namba 30 inamwandama mzee huyu). Akakaa gerezani minyororo miguuni, marafiki wakija kila asubuhi. Crito alikuwa tayari na fedha za kuwalainisha walinzi, na kule Thessaly wenyeji walikuwa wanangoja. Socrates alimjibu kwamba mtu aliyeishi miaka 70 chini ya sheria za mji, akalea watoto ndani yake, hawezi kuzikimbia siku zinapomgeukia.

Jua lilipokuwa linazama alikunywa. Akatembea hadi miguu ikawa mizito, akalala chali, na mtu wa gereza akawa anamminya unyayo, kisha mguu, akipanda juu kidogo kidogo, akiuliza kama anasikia. Alipojifunua uso mara ya mwisho ilikuwa kumkumbusha Crito deni la jogoo kwa Asclepius, mungu wa uponyaji.

Miaka 54 baadaye, mwaka 345 KK, msemaji maarufu Aeschines alikuwa mahakamani Athens akitaka waamuzi wamkaze mtu mwingine kabisa. Waliokula kiapo cha kusahau walikuwa wengi wao wameshazikwa. Akawakumbusha mababa zao walivyokuwa wakali: nyinyi Waathene, alisema, mlimuua Socrates yule sofisti (mwalimu wa hoja) kwa sababu alionekana amemfundisha Critias, mmoja wa wale Thelathini walioiangusha demokrasia. Akaendelea na hotuba yake. Miungu hakuitaja.